Somo: Kubatilisha kashe pale M7 na M4 zinapotumia kumbukumbu moja kwenye STM32H747

Habari wakuu. Wengi wenye bodi za Portenta H7 na Giga R1 wanauliza kwa nini M4 inaandika thamani mpya, halafu M7 inaendelea kusoma ya zamani. Bodi zote mbili zina chipu ya STM32H747: prosesa kuu ni Cortex-M7 ya hadi megahezi 480, na msaidizi wake ni Cortex-M4 ya hadi megahezi 240. M7 ina kashe ya data (kumbukumbu ndogo ya kasi inayoshika nakala za data) ya kilobaiti 16. M4 haina. Ndani ya chipu hakuna saketi inayoiarifu kashe ya M7 kwamba M4 imebadilisha kumbukumbu, kwa hiyo kazi hiyo ni ya mwandishi wa programu.

Hatua ya 1: Chagua eneo. Tumia SRAM4, sehemu ya kumbukumbu ya ndani ya chipu inayofikiwa na prosesa zote mbili, kilobaiti 64 zinazoanzia 0x38000000. Usiweke data ya pamoja kwenye DTCM (kumbukumbu iliyounganishwa moja kwa moja na M7, 0x20000000), maana M4 haiifikii kabisa. Kumbuka pia kwamba usiposema lolote, kashe ya data ikishawashwa M7 huihesabu SRAM4 kuwa ya kupita kwenye kashe, na inachoandika hubaki humo hadi mstari wake uondolewe.

Hatua ya 2: Panga data kwa mistari. Hii ndiyo hatua inayorukwa sana, na ndiyo yenye hitilafu ngumu kuliko zote. Kashe haishughuliki na baiti moja moja. Inashika mstari mzima wa baiti 32. Bafa lazima ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 32 na ukubwa wake uwe kigawe cha 32:

`__attribute__((aligned(32))) uint8_t bafa[256];`

Tuseme mwisho wa bafa umekaa mstari mmoja na kihesabio cha M7. Ukibatilisha mstari huo (yaani ukiitupa nakala iliyo kwenye kashe ili isomwe upya kutoka SRAM), thamani ya kihesabio ambayo haijafika SRAM inapotea. Ukiuacha, siku kashe itakapouondoa itaandika mstari wote, na kufuta kilichoandikwa na M4. Hakuna amri ya kukuokoa hapo. Vitenganishe.

Hatua ya 3: M7 inapotuma. Andika data, isukume hadi SRAM, ndipo umpe M4 ishara kupitia semafo ya HSEM (sehemu ya chipu ya kupeana ishara kati ya prosesa):

`SCB_CleanDCache_by_Addr((uint32_t *)bafa, sizeof(bafa));`

Ishara ikitangulia, M4 itasoma takataka.

Hatua ya 4: M7 inapopokea. Subiri ishara, batilisha, kisha soma:

`SCB_InvalidateDCache_by_Addr((uint32_t *)bafa, sizeof(bafa));`

Kubatilisha mapema, kabla M4 haijamaliza, hakutoshi. M7 inaweza kusoma kumbukumbu kwa kubahatisha kabla programu haijaihitaji, na mstari wa zamani ukarudi kwenye kashe bila wewe kujua.

Hatua ya 5: Au iondoe SRAM4 kwenye kashe. Kwa bendera na ujumbe mfupi, mimi napendelea njia hii. Kwenye MPU ya M7 (kitengo kinachopanga sifa za kila eneo la kumbukumbu) weka eneo la kilobaiti 64 kuanzia 0x38000000, TEX=1, C=0, B=0 (yaani kumbukumbu isiyopita kwenye kashe), kabla ya kuwasha kashe. Kila usomaji utakuwa wa polepole kidogo, lakini hatua ya 3 na ya 4 hazihitaji tena amri za kashe. Weka tu `__DMB()`, amri inayohakikisha data inatangulia ishara, kati ya kuandika data na kutoa ishara.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimeweka volatile kwenye kigeu na bado nasoma thamani ya zamani. Kwa nini?*

Volatile inamzuia kompaila asiruke usomaji. Amri ya kusoma inatoka kweli, ila inajibiwa na kashe kabla haijafika SRAM. Kompaila haina habari na kashe.

*Nikizima kashe yote kila kitu kinakwenda sawa. Niache hivyo?*

Hapana ndugu yangu. Kuzima ni kipimo kizuri, kwani sasa unajua tatizo liko wapi. Lakini utapunguza kasi ya data yote iliyo nje ya DTCM kwa ajili ya bafa chache. Fanya hatua ya 5.

*Na upande wa M4 nibatilishe nini?*

Hakuna, haina kashe ya data. Weka `__DMB()` kabla ya kutoa ishara, basi.

*Bafa yangu inajazwa na DMA (saketi inayohamisha data bila prosesa), si M4. Utaratibu ni uleule?*

Ndiyo, ila ongeza jambo moja: batilisha pia kabla ya kuianzisha DMA. M7 ikiwa iliwahi kuandika kwenye bafa hiyo, mstari wenye mabadiliko unaweza kuondolewa katikati ya kazi na kuifunika data inayoingia. Kwa hiyo unabatilisha mara mbili, kabla DMA haijaanza na baada ya kumaliza. Na kama ni DMA1 au DMA2, hakikisha bafa haiko DTCM, maana hazifiki huko.