Kuagiza maua mabichi ya harusi au kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa): hatua kwa hatua

Wateja wengi wanaokuja kwetu hapa Kampala huanza kwa kunionyesha picha kwenye simu. Picha inasaidia, lakini mimi huuliza kwanza: maua yataonekana kuanzia saa ngapi, na yatakaa wapi? Ukipanga saa vizuri, hata maua ya bei nafuu yatapendeza. Ukizikosea, waridi ghali litainamisha kichwa bibi harusi hajaingia.

Hatua ya 1: Anza na saa ya shughuli, kisha hesabu kurudi nyuma

Tuseme harusi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Mayungiyungi (lili) yafike Jumanne au Jumatano yakiwa bado matumba, tumba la chini likiwa limeanza kuonyesha rangi, kwa sababu huchukua siku kadhaa kufunguka. Mawaridi yafike Alhamisi, yanywe maji usiku kucha. Mapambo ya meza yafungwe Ijumaa jioni. Shada la bibi harusi liachwe hadi alfajiri ya Jumamosi, hata kama fundi atanung'unika.

Sherehe ikiwa chini ya hema mchana, chagua karnesheni na krisanthemamu kwa wingi. Hizo huvumilia joto.

Hatua ya 2: Jua waridi limetoka wapi

Mashamba ya maua ya hapa Uganda yako karibu na Ziwa Victoria, upande wa Entebbe na Mukono, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa joto la huko waridi hukua haraka na kichwa huwa kidogo. Yale yenye vichwa vikubwa mara nyingi hutoka Kenya, maeneo kama Naivasha, karibu mita 1,900, ambako usiku ni baridi na ua hukua polepole.

Kwa meza na vikapu, napendekeza waridi dogo la hapa bila kusita: halijasafiri mbali, na ukiyafunga mengi pamoja yanajaa vizuri. Likitakiwa kubwa kwa ajili ya shada, kumbuka limepitia mpakani, Busia au Malaba, ndani ya boksi. Liagize mapema zaidi.

Hatua ya 3: Andika oda

Usiagize "maua ya meza kumi". Andika hivi:

"Jumamosi, yafike ukumbini saa moja asubuhi. Meza 10, kila moja mawaridi madogo meupe 15 na majani. Shada 1 la mawaridi makubwa ya rangi ya krimu. Rangi hiyo ikikosekana, weka nyeupe, usiweke ya pinki."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayozuia ugomvi. Lipa arbuni, salio ulimalize baada ya kukagua. Na kama tarehe yako iko karibu na Februari 14, agiza mapema, maana wiki hiyo kila mtu anatafuta waridi jekundu na bei hupanda.

Hatua ya 4: Kagua kwa vidole

Bana waridi taratibu pale chini ya petali, kichwa kinapoungana na shina. Likiwa gumu, ni jipya. Likibonyea, limekaa sana. Petali za nje zenye michubuko kidogo zisikutishe, hizo hubanduliwa. Madoa ya kahawia yaliyoingia hadi petali za ndani ni ukungu, rudisha.

Hatua ya 5: Yanyweshe, uyatenge na matunda

Kata sentimita mbili za shina kwa mshazari ukitumia kisu kikali, ondoa majani yote yatakayozama, tia kwenye ndoo safi. Sponji ya maua, ile ya kuchomekea mashina, iweke juu ya maji izame yenyewe. Ukiikandamiza, katikati hubaki kavu na shina lililochomekwa hapo halipati kitu.

Kwenye kwanjula hapa ndipo maua mengi yanapoharibika: vikapu vya bogoya (ndizi za kuiva), maembe na pasheni hulazwa chumba kimoja na maua. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huzeesha maua, hasa karnesheni. Tafuta chumba kingine, chenye kivuli na kisicho na upepo mkali.

Mayungiyungi yakifunguka, nyofoa vile vijiti vyenye unga wa chavua. Unga ukishika gomesi (vazi la heshima la wanawake wa Uganda) au gauni, usisugue wala usitie maji. Bandika selotepu juu yake, uivute.