Kayaki ya plastiki ikibonyea tumbo, tumia joto

Kayaki (mtumbwi mwembamba wa kasia) ya plastiki iliyolala muda mrefu juu ya vyuma vya kubebea hubonyea chini, na ikibonyea haiendi moja kwa moja vizuri majini. Usiigonge kwa nyundo. Igeuze tumbo juu, iache juani mpaka plastiki iwe ya moto ukiigusa, kisha pitisha mkono kwenye tundu la kukalia na usukume palipobonyea kutoka ndani. Jua likiwa hafifu, tandika taulo mahali hapo na umwagie taratibu maji yaliyotoka kuchemka. Vaa glavu nene. Pakishainuka, endelea kushikilia huku ukipapoza kwa kitambaa chenye maji baridi. Tafadhali usiruke hatua hii, maana plastiki ikiachwa ingali laini huweza kubonyea tena.

Inafanya kazi kwa sababu polithini, plastiki ya kayaki hizi, ilifinyangwa kwa joto ndani ya kalibu, na ikipata moto tena hulegea na kutaka kurudia umbo lake la kwanza. Maji hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo hayaiyeyushi. Mashine ya kupuliza hewa ya moto hupita hapo haraka sana. Mimi singeisogeza karibu.

Haisaidii kwa faibaglasi, wala pale penye ufa au mkunjo mkali ulioacha mstari mweupe. Na ukiirudisha juu ya vyuma vilevile itabonyea tena: ilaze ubavu, au itundike kwa mikanda mipana.