Keria ya Peugeot 404: anza na mfereji wa mvua

Kabla hujauliza bei ya chuma cha kutengenezea keria ya juu ya paa, chukua bisibisi na sumaku ndogo, ukague mfereji wa mvua. Ni ule mkunjo wa bati unaopita juu ya milango, na keria nzima inaning'inia pale. Paa lenyewe halibebi kitu. Ukiliegemea kwa kiwiko linabonyea. Magari mengi ya siku hizi hayana mfereji wa namna hii, ndiyo maana keria nzuri za madukani ukizipandisha kwenye 404 hazina pa kushika.

Gonga mfereji kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kutoka kona ya kioo cha mbele hadi nyuma. Bati zima linalia kavu. Penye puti, ile dawa ya kuzibia matundu ya bodi, sauti inafifia, na sumaku inashika kwa uvivu au inadondoka kabisa. Kona za mbele na za nyuma zikague mara mbili, kwa sababu vumbi hutuama humo, likapata maji, na kwa sisi wa Tanga chumvi ya bahari inamalizia. Ukikuta puti chini ya mahali utakapoweka mguu wa keria, sahau keria kwanza. Tafuta fundi bodi akate bati bovu aweke jipya.

Mie sikukagua. Keria yangu ya kwanza ilitengenezwa kwa chuma cha kona cha milimita 40, unene 4, jumla mita 14. Nilimwambia fundi naona kizito, akacheka: "Mzee, hii utapakia hata ng'ombe." Chuma hicho kina kilo 2.4 kwa kila mita. Piga hesabu: kilo 34 juu ya gari kabla sijaweka hata mkeka. Tukapanda Lushoto na godoro, meza na magunia mawili. Kuanzia Mombo hadi Soni kila kona gari linalala upande, halafu linachukua muda wake kuinuka. Kurudi nyumbani nakuta mfereji wa kushoto umefunguka mdomo sehemu mbili, kama chewa aliyevuliwa. Miguu ilikuwa vipande vya chuma vya upana wa vidole viwili, imeuma bati badala ya kulishika.

Watu hapa wana imani na 404 kupita kiasi. Ni kweli, dereva Bert Shankland alichukua mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa gari hili. Lakini hakuwa na meza juu.

Keria ya pili niliichora mwenyewe. Chuma ni skwea paipu, yaani bomba la pembe nne, ya milimita 25, unene 1.5, ambayo ni kama kilo 1.1 kwa mita. Mita 12 zimenitosha, kwa hiyo fremu ni kilo 13 na ushee. Miguu ni sita, sio minne. Kila mguu una kitako cha bati nene, urefu sentimita 10, kilichokunjwa kikae ndani ya mfereji kwa urefu wake wote. Kwa nje kuna ndoana inayopita chini ya mdomo wa mfereji, na bolti ya spana namba 13 inavuta ndoana na kitako vibanane. Katikati weka mpira wa tyubu kuukuu. Fungua na kufunga milango yote minne kabla hujaridhika, maana ndoana ikizidi nusu sentimita tu, itakwangua fremu ya mlango.

Ukibahatika kupata miguu ya mtumba ya Land Cruiser 70 au Hiace za zamani, inunue. Magari hayo nayo yana mfereji, na miguu yake ni imara kuliko ya kuungaunga. Kasoro ni kwamba mingi ni mirefu, na keria iliyopaa juu inaongeza kuyumba. Ikate. Mie huacha nafasi ya vidole vitatu kati ya chuma na sehemu ya paa iliyo juu kabisa. Ukibana zaidi ya hapo, chuma kikilemewa kitagusa rangi.

Upana ndio unaowashinda wengi. Usipime mahali pamoja ukadhani umemaliza: pima mfereji kwa mfereji mbele, katikati na nyuma, kwa sababu paa halina upana mmoja. Badala ya kuchomelea vyuma vya kukatiza moja kwa moja, mie nilivifanya vya kuchomeka: paipu ya milimita 20 inaingia ndani ya ile ya 25, unavuta hadi miguu ikae sawasawa, kisha unatoboa na kufunga bolti. Inacheza kidogo, lakini bolti mbili kila upande zinaituliza.

Na usikubali ichomelewe ikiwa juu ya gari! Cheche zinatoboa rangi na kuacha madoa kwenye kioo ambayo hayatoki. Weka alama kwa chaki, shusha, chomelea chini, pandisha ujaribu. Fundi atanung'unika. Mnunulie chai.

Ncha za paipu zizibwe, ama sivyo maji yataingia, na barabarani keria itapiga mluzi mpaka Segera. Mluzi wa vyuma vya kukatiza nao una dawa: zungushia kamba nyembamba kwa mzunguko kama wa skrubu.

Kupakia sina mengi. Kwa 404 ya saluni, yaani ya abiria yenye buti, mie sipiti kilo 40, keria ikiwemo, na hapo nabaki na 27 za mzigo. Vizito vyote viingie kwenye buti. Mzigo ukae katikati ya gari, usisogee nyuma juu ya kioo. Godoro ni jepesi lakini ndilo la hatari, linakamata upepo kama tanga la jahazi: kamba zake za mbele zishuke hadi kwenye bampa, sio kuishia kwenye keria. Ukitoka mwendo wa 60 kwenda 90, nguvu ya upepo juu ya mzigo inazidi maradufu, kwa hiyo mie na godoro langu ni 60, wenye haraka wapite. Baada ya kilomita 15 hivi simama, kaza bolti zote. Mpira uliowekwa karibuni hubonyea, na bolti iliyokazwa nyumbani utaikuta inazunguka kwa mkono.

Safari ikiisha ishushe. Chini ya ule mpira maji hayakauki. Mie yangu naitundika ukutani kwenye banda, namwagia mfereji maji baridi ya bomba, kisha naacha gari juani siku nzima.