Muuguzi mpya, panga zamu kwa saa, si kwa vitanda

Wewe uliyehitimu uuguzi juzi na sasa uko wodi ya watoto hapa Uganda, mvua zimekolea, malaria imejaza vitanda na wengine wamelala mikekani: usianze kitanda cha kwanza ukafuata mstari hadi cha mwisho. Ukifika katikati, dawa ya mtoto wa mwisho itakuwa imeshapitwa na muda.

Mnapokabidhiana zamu, kunja karatasi moja, uigawe kwa saa. Mtoto mwenye malaria kali huchomwa artesuneti anapolazwa, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24, zote zikihesabiwa tangu sindano ya kwanza. Aliyeanza saa mbili usiku, mwandikie saa mbili asubuhi hapo hapo, usisubiri faili likukumbushe. Dawa hiyo ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, basi ichanganye ukiwa tayari kuchoma. Anayeongezewa damu aandikwe juu kabisa. Dakika 15 za kwanza usimwache.

Halafu zungumza na akina mama mapema. Wao hukesha na mtoto, na wengi huogopa kumsumbua nesi, jambo linaloniuma sana. Mwambie kila mmoja: "Mama, akipata degedege, akishindwa kunyonya, akihema kwa shida au asipoamka, niite, hata kama nina mgonjwa mwingine."

Ukizidiwa, mwite mkuu wa zamu na utaje unachotaka: "Wa kitanda cha nne anahema vibaya, nishikie dripu ya kitanda cha tisa." Atakuja haraka kuliko ukisema umechoka.