Somo: Kucheza gemu la SpongeBob na watoto watatu kwa pedi moja

Gemu ninalolieleza hapa ni Battle for Bikini Bottom, lililotokana na katuni ya vichekesho ya SpongeBob, ambayo ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1999. Nimelichagua kwa sababu hadithi yake huchezwa na mtu mmoja, na bado ndilo lililotufaa kuliko mengine yote nyumbani kwangu, ambako pedi ni moja na wanaoigombea ni watatu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Plankton, yule mwenye mkahawa usiopata wateja, anaunda mtambo wa kuzalisha roboti ili zimsaidie kuiba siri ya mapishi ya mshindani wake Bwana Krabs, mwenye mkahawa unaopendwa, lakini anasahau kuiweka swichi ya mtambo upande wa utii; roboti zinamtoa nje ya mkahawa wake mwenyewe, kisha zinauvamia mji mzima wa Bikini Bottom. Wa kuzikabili ni SpongeBob ambaye ni sifongo, Patrick ambaye ni kiti cha pweza, na Sandy, kindi kutoka Texas anayeishi chini ya bahari ndani ya kuba la kioo. Jina la kiti cha pweza hunichekesha kila mara, kwa kuwa jirani wa Patrick, yaani Squidward, ni pweza kweli, na sidhani kama angekubali kumkalia.

Hatua ya kwanza: hakikisha toleo

Toleo la mwaka 2003 la PlayStation 2, GameCube na Xbox ndilo gemu lenyewe. Toleo la kompyuta la mwaka huohuo lina jina lilelile, lakini ni mkusanyiko wa michezo midogomidogo isiyofanana na hili ninalofundisha, na wengi wamelinunua kwa kukosea. Mwaka 2020 gemu lilitengenezwa upya kwa jina la Rehydrated, likiwa na picha safi zaidi, na toleo la kompyuta la Rehydrated halina tatizo.

Hatua ya pili: gawa wahusika kabla ya kuwasha

Mpe kila mtoto mhusika wake, na mkubaliane kwamba pedi hubadilisha mikono kwenye kituo cha basi tu. Utaratibu huu sikuubuni mimi, umo ndani ya gemu: mhusika habadilishwi popote pale, ila pale penye kituo cha basi. Kila eneo humruhusu SpongeBob pamoja na mwenzake mmoja tu. Kwenye mashamba ya yavuyavu mwenzake ni Patrick, mjini ni Sandy. Kwa hiyo mwenye Sandy atangoja kidogo mwanzoni, na ni vyema aambiwe mapema, kabla hajaanza kununa.

Uwezo wao pia unatofautiana. SpongeBob hupiga kwa mapovu, hujitupa chini kwa kishindo na hupiga kilicho juu ya kichwa chake. Patrick hunyanyua vitu na kuvirusha, na tunda la barafu akilirusha kwenye uteute hugandisha njia ya kupita. Sandy hutumia kamba yake kuning'inia na kuelea hewani, ndiyo maana mimi humpa mtoto mwenye haraka.

Hatua ya tatu: jifunzeni kunyata

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watoto wengi hukata tamaa. Kuna roboti inayolala usingizi mzito, na ukiikaribia kwa kukimbia huamka na kukushambulia. Njia ya kuipita ni kumwendesha SpongeBob kwa kukisukuma kijiti cha pedi kidogo tu, hadi aanze kutembea kwa ncha za vidole. Binti yangu wa miaka sita alishindwa mara nyingi kwa sababu kidole gumba chake kilikuwa kikisukuma hadi mwisho. Nikamwambia aweke kidole kama anayegusa shavu la mtoto mchanga aliyelala. Aliuma ulimi, akashusha pumzi, SpongeBob akanyata, na kaka zake wawili waliokuwa wakipiga kelele sebuleni nao wakanyamaza wenyewe, kana kwamba roboti ingewasikia.

Hatua ya nne: hesabuni miko, msiifukuzie yote

Kinachotafutwa ni miko ya dhahabu, ile ya kugeuzia baga, nayo ipo 100. Mitano hufungua mji, 10 hufungua ufukwe, na 15 huwapeleka kwenye ukumbi wa mieleka kupambana na roboti kubwa lenye sura ya Sandy. Ushindi huo humpa SpongeBob povu la kuviringisha mfano wa tufe. Mkifika 40 mtakutana na roboti la Patrick, na mkilishinda mtapata kombora la povu linaloongozwa kwa mkono. Mapambano ya mwisho hudai 75 tu. Mzazi anayeng'ang'ania miko yote ya eneo moja kabla ya kuhamia jingine huwachosha watoto bure, kwani menyu ya gemu hukuruhusu kurudi baadaye hadi sehemu uliyokwisha kuifikia, na baadhi ya kazi hazifanyiki kabla ya kupata yale mapovu mawili.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Tumekwama kwenye mwiko wa 62 na iliyobaki yote ni migumu kwa watoto. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Angalieni mmekusanya soksi ngapi. Patrick amepoteza soksi 80, naye hutoa mwiko mmoja kwa kila soksi 10, yaani miko minane. Bwana Krabs naye huuza minane kwa vile vitu ving'aavyo mnavyookota njiani, ila bei yake hupanda kila mnaponunua, kama ilivyo tabia yake kwenye katuni. Hapo mna miko 16 isiyohitaji kuruka jabali lolote hatari, ingawa soksi nyingine zimefichwa kweli.

Swali: Mwalimu, je, watu wawili wanaweza kucheza pamoja kwa wakati mmoja?

Jibu: Katika hadithi, hapana, kaka. Rehydrated imeongezewa sehemu ya pembeni ambapo wawili hupambana na makundi ya roboti yanayokuja moja baada ya jingine, na humo utakutana na roboti la Squidward, ambalo liliondolewa kwenye gemu la mwaka 2003 kabla halijatoka. Sehemu hiyo ni ya kupiga tu, wala haina vichekesho vya kutosha. Watoto wangu waliicheza jioni moja wakairudia hadithi.

Swali: Mwanangu ana miaka minne na hajui Kiingereza. Atafaidi chochote?

Jibu: Kiswahili hakimo katika gemu hili, dada yangu, kwa hiyo mkalimani utakuwa wewe. Mimi husimamisha kila mhusika anapomaliza kusema, natafsiri kwa sentensi moja, kisha tunaendelea. Wa miaka minne mwachie kazi ya kuvunja sanamu za mbao na kuokota. Zile zinazolipuka mwoneshe mapema, akae mbali nazo. Uhai wa SpongeBob huhesabiwa kwa chupi, na hilo halihitaji tafsiri: mwanangu mdogo hupiga kelele "Chupi imebaki moja!" hadi majirani wanasikia.

Swali: Je, tukishafikisha 75 na kumshinda wa mwisho, kuna haja ya kutafuta ile miko 25 iliyobaki?

Jibu: Ipo kama watoto wanaupenda wimbo wa katuni, kwa sababu mwenye miko yote 100 huoneshwa wahusika wakiuimba pamoja. Sisi tulifika 91, na soksi tatu za mwisho bado tunazisaka.