Uzito umegoma kushuka na kalori unahesabu? Pitia hatua hizi kwanza

Wapendwa, swali ni lilelile: "Dada, nahesabu kalori kila siku, mwezi wa pili sasa mizani haisogei, nifanyeje?" Nimemjibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kuandika, kwa hiyo naliweka hapa lote. Nilianza na kilo 96, nikafika 84, nikakwama wiki saba. Leo niko 73. Mimi si mtaalamu wa lishe. Haya nimeyasoma, nikayafanya, na nimeyapima jikoni kwangu.

Mjamzito, anayenyonyesha, na anayechoma insulini au kumeza dawa za kisukari aanze kwa daktari wake. Ukipunguza chakula na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli umekwama. Siku tano si kukwama. Jipime kila asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai. Jumlisha siku saba, gawa kwa saba, andika. Linganisha wastani na wastani. Wastani usiposhuka kwa wiki tatu, endelea hatua ya pili. Wanawake tunaopata hedhi tulinganishe wiki ya hedhi na wiki ya hedhi iliyopita, maana maji peke yake yanaweza kuficha kilo nzima au zaidi.

Hatua ya 2: Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kikombe na kiganja havitoshi.

Hatua ya 3: Pima sufuria ya familia. Hapa ndipo nilipopoteza wiki saba zangu, someni polepole.

Nilikuwa napakua wali wangu, naweka sahani kwenye mizani, gramu 450, naingia kwenye programu ya simu natafuta "wali". Inaniambia kalori 130 kwa kila gramu 100. Naandika 585, roho safi. Kumbe ile 130 ni ya wali uliochemshwa kwa maji matupu, na kwangu wali ni wa nazi. Siku nilipoamua kupima kila kinachoingia, hesabu ilikuwa hivi:

Mchele kilo 1: kalori 3,600
Tui la boksi ml 400, lebo inasema 180 kwa kila ml 100: kalori 720
Mafuta vijiko vikubwa 3, kila kimoja 120: kalori 360
Jumla: 4,680

Sufuria tupu ilikuwa gramu 1,150. Wali ulipoiva, sufuria na wali vilikuwa gramu 3,950. Toa, unabaki wali gramu 2,800. Gawa 4,680 kwa 2,800, zidisha kwa 100, unapata 167. Sahani yangu haikuwa 585, ilikuwa kama 750. Nilikuwa nakula sahani hiyo mchana na usiku. Zaidi ya kalori 330 kila siku ambazo sikuziandika, na hapo mchuzi bado.

Kwa hiyo: pima sufuria tupu kabla hujaiweka jikoni. Pima kila kinachoingia kikiwa kibichi. Kikiiva, pima tena sufuria, toa uzito wake, ndipo upakue.

Onyo la kwanza: mafuta usiyakadirie kwa jicho. Weka chupa kwenye mizani kabla ya kumimina na baada ya kumimina, tofauti ndiyo uliyotumia. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ni 4.

Onyo la pili: usichanganye kibichi na kilichoiva. Mchele mkavu gramu 100 ni kalori kama 360, ukichemshwa kwa maji gramu 100 ni 130. Ukipima mkavu ukaandika ulioiva, umejipunja hesabu karibu mara tatu.

Hatua ya 4: Andika vya kuonja na vya kunywa. Sukari ya chai kijiko kidogo ni kalori 16. Vijiko vitatu, vikombe vinne, umefika 192.

Hatua ya 5: Piga upya hesabu ya kalori ambazo mwili wako unahitaji, kwa uzito wa leo. Kanuni ya Mifflin ya mwaka 1990 kwa mwanamke: kilo mara 10, jumlisha sentimita za urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Mwanamume hatoi 161, anajumlisha 5. Hayo ni mahitaji ya mwili uliolala tu. Nilipotoka 96 kwenda 84, yangu yalipungua kalori 120 kwa siku, na mimi bado nilikuwa nakula kwa hesabu ya kilo 96.

Hatua ya 6: Kalori za mazoezi ambazo saa ya mkononi inakuonyesha umechoma, usizifidie kwa kula zaidi.

Hatua ya 7: Ukifanya yote kwa wiki tatu na wastani umebaki palepale, punguza kalori 150 au ongeza nusu saa ya kutembea. Usishuke chini ya 1,200 bila daktari. Bado? Nenda ukapime tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili kuchoma chakula, na mwambie daktari dawa zote unazotumia, pamoja na sindano ya uzazi wa mpango.

MASWALI

Kijana wa Tabata: Mimi nakula kidogo sana na sipungui. Nipe dawa ya kukata tumbo.

Jibu: Sina dawa. "Kidogo sana" ni gramu ngapi?

Kijana wa Tabata: Sipimi, ila najijua.

Jibu: Hatua ya 2 na ya 3. Rudi baada ya wiki tatu na namba.

Bi Mkubwa: Mwanangu, unataka kusema sisi tunaosema tunakula kidogo ni waongo?

Jibu: Hapana mama, shikamoo. Sijamwita mtu mwongo, na mimi mwenyewe nilikuwa naandika kwa moyo mweupe. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu waliokuwa wakisema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Walipopimwa, ilionekana wameandika karibu nusu tu ya walichokula, na miili yao ilikuwa inachoma kawaida. Walikuwa wanaamini walichoandika. Ndiyo maana nasisitiza mizani, jicho linadanganya hata mkweli.

Bi Mkubwa: Marahaba. Nimekuelewa.

Salma_T: Dada, nilisikia ukila kidogo mno mwili unagoma kabisa kupungua. Ni kweli? Naomba uelezee.

Jibu: Swali zuri. Mwili unapunguza matumizi, ni kweli: unasikia baridi, unachoka, hata mikono huisogezi sana. Lakini haugomi kabisa. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 waliojitolea walilishwa nusu ya kawaida yao kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito. Ila wengi walivimba miguu kwa maji, na maji yanaficha mafuta yaliyoondoka. Waliteseka pia akilini, wakawa wanawaza chakula mchana na usiku. Kwa hiyo kula kidogo mno sikushauri, kwa sababu ya mateso hayo na misuli inayokwenda.

Salma_T: Na Ramadhani je? Nijipime saa ngapi?

Jibu: Chagua saa ileile kila siku, usiibadilishe. Mimi hujipima kabla ya daku. Jioni umekauka, mizani itakufurahisha bure. Futari nayo ipime: viazi vya nazi vina hesabu ileile ya sufuria, na kaimati pima shira pamoja nazo.

Dereva_Ubungo: Mkuu, mimi nakula kwa mama ntilie, sufuria yake nitaipimaje?

Jibu: Huwezi kaka, na si lazima. Omba maharage yasiyoungwa kama anayo, samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga, ugali uwe uleule kila siku. Nyumbani pima ugali wa ukubwa huo mara moja, utumie namba hiyo. Chipsi mayai acha kwanza, mafuta yake hayakadiriki.

Kijana wa Tabata: Kwa hiyo chipsi hairuhusiwi? Mbona mnatutesa?

Jibu: Nimemjibu dereva anayekwama. Soma nilichoandika.

Mama Chapati: Kwangu chapati nilikuwa namwagia mafuta kwenye kikaango. Sasa napaka kwa brashi, mkebe wa mafuta ukiwa juu ya mizani. Chapati kumi, mafuta yamepungua kutoka gramu 150 hadi 60.

Jibu: Asante sana! Gramu 90 mara 9, hizo ni kalori 810. Kwa kila chapati 81. Nitajaribu kesho.

Salma_T: Sufuria tupu unaipima kila siku? Mimi nasahau, nakumbuka wali umeshaiva.

Jibu: Nilizipima zote siku moja, nikaandika kwenye karatasi nyuma ya mlango wa kabati: ya wali 1,150, ya maharage 870, ya mchuzi 640. Pima bila mfuniko.