Kabla hujaling'oa gugu karoti bustanini kwako: mambo ya kuzingatia

Masika yakishika, Arusha yote inageuka kijani, na humo humo unaota mmea wenye vijiua vyeupe ambao hakuna aliyeupanda. Majuzi ulikuwa kando ya mtaro tu. Leo umezunguka bomba, umeingia kwenye sukuma wiki na unaelekea kwa jirani. Watu wengi wakiuona wanainama, wanaung'oa kwa mkono mtupu, halafu ndipo wanauliza ni kitu gani. Geuza huo utaratibu.

Kwanza ujue ni lenyewe. Gugu karoti, ambalo kitaalamu ni Parthenium hysterophorus, asili yake ni Amerika ya kitropiki. Kenya limekaa miaka mingi, na huku kwetu Arusha lilianza kuripotiwa mwaka 2010. Likiwa changa hutandaza majani kwa mduara, yamelala kabisa juu ya udongo, yamechanika kama ya karoti. Baadaye linasimama, linatoa matawi, na penye rutuba linakupita kimo. Usilisugue kwa vidole ili ulinuse, tumia macho. Shina lina mistari iliyochimbika toka juu hadi chini, na lina vinywele. Ua ni dogo mno, halizidi kichwa cha njiti ya kiberiti, lina pembe tano ndogo, na katikati yake nako ni kweupe. Hiyo katikati ndiyo ya kuangalia. Kishonanguo nacho kina ua lenye weupe pembeni, lakini katikati yake ni njano. Karoti na giligilani hutoa maua yaliyotandaza kama mwavuli. Ukiwa bado una shaka, piga picha ya jani, shina na ua, mpelekee afisa ugani wa kata. Walio Arusha hawana hata kisingizio, maana makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yako hapa hapa.

Pili, vaa. Glavu za mpira, si za kitambaa zinazonyonya maji ya mmea. Nguo ya mikono mirefu, suruali, viatu vya kufunika, barakoa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapodharau.

Nina jirani yangu, mama wa makamo, mchapakazi hasa. Gugu lilipomwingilia mara ya kwanza alilimaliza kwa mikono yake, shamba zima la nyuma ya nyumba, na hakupata hata kipele. Aliponiona nimevaa glavu alicheka: "Mwanangu, na wewe unaogopa majani?" Nikamwambia, "Shikamoo mama," nikaendelea na kazi yangu. Msimu uliofuata akaling'oa tena vile vile. Safari hii viganja vikamwasha jioni, akavipaka mafuta ya nazi, akalala. Baada ya siku chache kope zikaanza kuvimba. Asubuhi anaamka jicho halifunguki vizuri. Ikashuka shingoni, ikaingia kwenye mikunjo ya viwiko. Duka la dawa wakampa krimu ya fangasi. Haikusaidia, akapewa nyingine. Mmoja akamwambia ni sabuni, akabadili sabuni. Mwingine akamwambia ni mafuta ya nywele, akanyoa. Wapo na waliokumbusha ule ugomvi wa mpaka wa kiwanja, ukajua wanaelekea wapi. Gugu halikutajwa na mtu, kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa amelishika wiki nzima na halikumfanya kitu.

Hivyo ndivyo linavyodanganya. Kwa watu wengi mzio wake hauji siku ya kwanza. Mwili unaguswa, unaguswa tena, siku moja unalikataa, na ukishalikataa hautaki tena hata kidogo. Hata vumbi la mabua makavu linatosha, kwa sababu vile vinywele vinapeperuka na kutua usoni. Ndiyo maana kope na shingo huumia kuliko hata mikono iliyoshika. Yule mama alijikuna mpaka ngozi ya shingo ikawa nene na nyeusi, ndipo daktari wa ngozi akamuuliza swali ambalo wengine wote waliliruka: nyumbani unashughulika na nini, na muwasho unazidi majira gani? Sasa ni nafuu, lakini hajapona. Wakifyeka barabarani kiangazi, yeye huingia ndani na kufunga madirisha. Bustani yake inalimwa na kijana, na kijana huyo glavu amenunuliwa na mama mwenyewe.

Kwa hiyo usijipime kwa mwaka jana. Usijifute jasho usoni kwa glavu. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake. Mwenye pumu asiiguse kazi hii, atafute mtu. Na watoto msiwatume, hata kama wanaomba.

Tatu, wahi. Likishaota, wiki nne hadi sita zinatosha litoe maua, na mmea mmoja uliokomaa unaweza kuangusha mbegu zaidi ya 15,000. Ling'oe likiwa bado limelala chini, siku moja baada ya mvua, udongo ukiwa laini mzizi utoke wote. Fyekeo liache stoo. Ukilikata linachipua kutoka kwenye kisiki na kutoa maua chini chini, safari hii usiyaone. Kama umechelewa na maua yapo, livishe kiroba kichwani kwanza, funga, ndipo uvute.

Ulichong'oa kisiende kwenye shimo la mboji, kisitupwe mtaroni, wala kisipewe ng'ombe. Maziwa yanakuwa machungu, na mnyama akilila kwa wingi anaumwa. Liache likauke ndani ya mifuko iliyofungwa, kisha lichome, na wewe ukae upande upepo unakotokea.

Nne, chunguza lilipitia wapi, la sivyo utang'oa kila mwaka. Mara nyingi ni samadi, mchanga wa ujenzi, au majani ya ng'ombe yaliyokatwa kando ya barabara. Kabla hujalipia fuso la samadi nenda ukaone zizi lenyewe, na uangalie kilichoota pembeni yake. Muuzaji akikataa usifike, tafuta mwingine.

Tano, udongo usibaki wazi. Mbegu zilizofukiwa hukaa miaka zikisubiri mwanga. Ulipong'oa pandikiza nyasi, viazi vitamu, maboga, chochote kinachofunika haraka, na upite kukagua kila baada ya wiki mbili mvua zikiwepo.

Dawa ya kuua magugu ni shauri lako na afisa ugani, si lako na muuza duka. Glaifoseti haichagui, itaondoka na mchicha wako. Chumvi usimwage, utaharibu udongo na gugu litarudi kabla ya mboga. India na Australia wametumia mbawakawa kutoka Meksiko, Zygogramma bicolorata, anayekula majani yake. Huo ni uamuzi wa serikali na watafiti, kwa hiyo asije mtu akakuuzia wadudu kwenye chupa.

Mengine ni ya kawaida tu. Zungumza na jirani kabla ya kuanza, maana ukisafisha kwako na kwake limeachwa likatoa maua umejichosha. Uwanja usio na mwenyewe mpelekee taarifa mwenyekiti wa mtaa. Vile vijiua vyeupe usivichume kupambia meza, hata vikipendeza. Mche wa bure kutoka kwa rafiki ukague na udongo wake. Trekta la kukodi lioshwe kabla halijaingia shambani, matairi na jembe lake. Na wewe ukimaliza, kung'uta viatu pale pale ulipokuwa unang'oa, kunjua pindo la suruali utoe kilichonasa, ndipo uingie ndani.